Mbuzi wa Lokiriama

Kuna sauti moja ambayo kila nikiisikia, mkono wangu husimama juu ya sufuria. Ni sauti ya petroli ikicheza ndani ya tangi la piki. Kibanda changu cha chai kiko hapa Kakuma, ubavuni mwa steji ya bodaboda, na vijana wa steji hawaamini mshale wa mafuta, kwa sababu kwenye piki nyingi mshale huo ulishakufa zamani. Wao huishika piki kwa usukani, wakaitikisa huku wameinamisha sikio, na hapo wanajua kama watafika Kalobeyei au wataisukuma juani. Petroli ikicheza, harufu nayo hunijia, petroli na chuma cha moto, na kwa dakika moja sipo Kakuma. Niko juu ya milima ya magharibi, mtoto aliyeng'oka meno ya mbele, nimevaa koti la baba linalonifika vifundoni, nangoja baba aseme neno.

Baba yangu anaitwa Ewoi. Wakati huo alikuwa bodaboda wa Lodwar, mwenye piki yake mwenyewe, nyekundu, na aliipenda vile wanaume wa kwetu wanavyopenda mafahali wao. Aliiosha kila jioni, aliiimbia, na zaidi ya mara moja nilimkuta anapigapiga tangi lake akiongea nalo kwa sauti ya chini, kisha akiniona anajifanya anakohoa. Mjini walimjua kwa sikio lake. Piki ingepita ng'ambo ya barabara naye, bila kuinua uso kutoka kwenye kikombe, angesema, "Hiyo cheni imelegea," au, "Huyo hafiki Lokichar na hiyo plagi." Hakukosea. Mimi nilidhani baba wote wa dunia husikia hivyo.

Mama alifariki kwa homa mwaka ambao mvua ilitupita kabisa. Ndugu zake walikuja kutoka Lopur, wakamchukua kwenda kumzika kwao, na baba alipanda nyuma ya pikapu kama abiria mwingine yeyote. Hakuna aliyemwita mbele. Lazima niwaeleze mila yetu hapa, msije mkamhukumu mtu bure. Kwetu mwanamke anaweza kuishi na mwanamume miaka mingi, akamzalia, akampikia, lakini kama mifugo haijapelekwa kwao na mnyama hajachinjwa mbele ya watu, yeye bado ni binti wa babake, na watoto wake wanahesabiwa huko. Baba na mama walikuwa wakisema harusi itafanyika mvua zikirudi vizuri. Waliyasema hayo tangu kabla sijazaliwa. Mvua hazikurudi vizuri, na mama hakuweza kungoja zaidi.

Siku chache baada ya maziko babu, baba yake mama, alikuja kwetu mtaa wa Nakwamekwi, pale Lodwar. Aliketi mlangoni juu ya kile kigoda chake kidogo cha mti, akanywa chai yote, akarudisha kikombe. Nawaomba mniamini nikisema hakuwa mtu mbaya. Nilimpenda. Alikuwa na harufu ya tumbaku na moshi, na alinipa jina Apua, kwa sababu nilizaliwa siku ya vumbi.

"Ewoi," alisema, "mimi si mtu ya kunyang'anya mtoto. Lakini mtoto iko na njia yake. Wewe leta mifugo. Hata mbuzi tu, na dume moja ya kuchinja. Wakati kama hii, nani iko na ng'ombe? Ukileta, Apua ni yako, hakuna mtu ataongea. Usipoleta mpaka mwezi hii iishe, yeye anakuja Lopur."

Baba alikubali kwa kichwa. Piki moja ilipita barabarani ikilia vibaya, hata mimi niliisikia, lakini yeye hakusema lolote juu yake.

Siku iliyofuata alianza kufunga mizigo. Kwa macho yangu ya kitoto hiyo ilikuwa safari ya raha, na sikuwahi kuona kitu kizuri kama ile piki ilivyopakiwa. Kulikuwa na jerikeni ya petroli upande mmoja na ya maji upande wa pili, unga, sukari, majani ya chai, sufuria nyeusi, furushi la tumbaku ya wazee, na juu ya vyote hema la turubai jeupe alilokuwa amelipata kwa Mrundi mmoja wa Kakuma. Mimi nilikaa kati ya baba na hema, nimefungwa kwake kwa leso ya mama, shavu langu mgongoni mwake. Nilijua tunakwenda kutafuta mbuzi. Nilijua pia kwamba tukipata mbuzi ninabaki na baba, na tukikosa ninakwenda Lopur. Lakini sikuogopa hata kidogo. Sikuwa nimewahi kumwona baba akishindwa na kitu.

Mpango wake haukuwa wa kijinga. Kila mfugaji wetu ana marafiki wa mifugo, watu ambao yeye au babake aliwahi kuwapa mnyama wakati wa shida, nao wakati wake ukifika hawawezi kumgeuzia mgongo hivi hivi. Marehemu babake baba alikuwa mtu wa kutoa. Marafiki zake walikuwa wametawanyika milimani wakifuata majani, kuanzia chini ya Loima hadi mpakani mwa Uganda. Mwombaji anatakiwa aende mwenyewe, akae, avute tumbaku na wenyeji, aonyeshe haja yake kwa macho. Haja yake ilikuwa mimi. Ndiyo maana alinibeba.

Tulipita Lorugum, barabara ikageuka mchanga, mchanga ukageuka mawe. Jioni tulifika boma la rafiki wa kwanza chini ya milima. "Ejoka?" "Ejok." Watu walisalimiana kwa muda mrefu, kama kawaida, halafu wote wakageuka kuitazama piki. Watoto waliigusa sailensa wakaungua, wakacheka. Bibi mmoja aliizunguka yote akauliza kama ni ya kike au ya kiume. Baba alisema ni ya kiume. Bibi akainama kuchungulia, akasema haoni dalili, na hapo nilicheka hadi leso ikafunguka.

Tulipewa maziwa, yamechanganywa na maji. Asubuhi baba alinisimamisha mbele ya mzee wa boma, akaeleza habari ya mama na ya babu. Mzee alisikiliza vizuri. Alinishika kichwa, akanitemea mate kidogo ya baraka. Kisha akasema, "Pole sana, Ewoi. Lakini wewe uko na mali kushinda sisi. Hii mnyama yako inakunywa kila siku, na bado imenona. Mbuzi yangu hata moja haijanona." Baba alicheka, mimi nikacheka, tukafunga hema. Nilijivunia kwamba tumeonekana matajiri.

Ilikuwa hivyo hivyo boma la pili, na lile lililofuata. Leo nikiwa mtu mzima naona kosa lilipokuwa, na linanichoma kwa sababu ni dogo sana. Mtu anayekwenda kuomba mifugo huenda kwa miguu. Anafika na vumbi hadi magotini, kandambili za tairi zimekatika, na kabla hajafungua mdomo wenyeji wameshaona shida yake. Baba alikuja juu ya chuma chekundu kinachong'aa, amevaa koti la mtumba, na nyumba yake ya turubai mgongoni. Alitaka tufike upesi, mwezi usituishie. Lakini kila mlio wa ile piki ukipanda bonde ulikuwa unawaambia watu kwamba anakuja mwenye nacho.

Mapito ya Loima yalikuwa magumu kuliko alivyodhani. Njia ya mbuzi si njia ya piki. Pale kwenye miinuko mikali nilishushwa, nikapewa kazi: kutembea nyuma nikiwa na jiwe, na kila piki ikianza kurudi nyuma, niliweke chini ya gurudumu. "Jiwe, Apua," baba angesema kwa kuhema, nami ningeliweka. Niliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Mikono ilinichubuka, sikulia. Baba alikuwa akisukuma hadi mishipa ya shingo inasimama, halafu tukifika pa kupumzikia anazima injini, anaisikiliza ikipoa, anasema, "Iko sawa. Haijaumia." Hakuna aliyemwuliza kama yeye ameumia.

Huko juu ndiko nilikojua baridi. Sisi wa Lodwar baridi ni habari tu. Kulikuwa na miti mikubwa yenye ndevu za kijani, na mawingu yaliyopita chini chini hadi ndani ya hema letu. Baba alinivika koti lake, yeye akabaki na shati, tukala ugali mkavu na chai. Alinisimulia jinsi mama alivyoogopa kupanda piki mara ya kwanza, akashuka njiani akatembea kwa miguu hadi Turkwel, naye akamfuata nyuma polepole na injini ikilia. Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, na nasema hivyo nikijua ninachosema.

Tumaini letu la mwisho lilikuwa mtu mmoja, Lomuria, rafiki mkubwa wa marehemu babake baba. Tuliambiwa amepandisha mifugo kwenye kingo za mpakani. Tukashuka Loima, tukavuka bonde, tukapanda tena. Kule juu tulikuta boma tupu, miiba imeanza kutawanyika, na mchungaji mmoja aliyetuambia Lomuria ameshateremka kwenda Lokiriama. Baba alimshukuru. Kisha, badala ya kugeuka, aliiendesha piki mbele kidogo hadi mahali ambapo mlima unakatika na nchi yote ya upande wa pili inaonekana, pana, yenye ukijani hafifu.

"Jiwe," alisema. Safari hii nililiweka mbele ya gurudumu, kwa sababu mteremko ulielekea huko.

Alishuka, akafungua jerikeni, akamimina petroli yote iliyobaki ndani ya tangi. Akarudi akakaa juu ya piki bila kuiwasha. Alikaa muda mrefu hadi nikachoka kusimama.

"Kule ni wapi?" nilimwuliza.

"Uganda."

"Tunaenda?"

Alisema, akiangalia mbele, "Huko hakuna mtu anajua wewe ni wa nani." Mimi nilielewa kwamba huko hatuna marafiki wa mifugo. Halafu akanigeukia. "Unataka twende kule, Apua?"

Nilikuwa na baridi, na njaa, na jambo moja tu kichwani tangu Lodwar. Mbuzi ndio waliokuwa wanibakize na baba. "Nataka mbuzi," nilisema.

Alinitazama. "Haya," alisema. "Hata petroli haitoshi. Toa jiwe." Tukageuza piki.

Lomuria tulimkuta Lokiriama, mzee mnene kiasi, mcheshi, na alikuwa mtu wa kwanza kumwambia baba ukweli. "Nitakuambia kwa uzuri, kwa sababu babako alinipa ngamia," alisema. "Hakuna mtu atakupa kitu na hii piki hapa. Watu wanaona mali. Niachie mimi hii. Kijana yangu anataka kubeba watu mpaka mpakani. Mimi nakupa mbuzi ya kutosha, na dume, unaenda kwa mzee yako kama mwanaume."

Baba aliomba maji. Nilidhani ni ya kunywa. Aliyatumia kuiosha piki, yote, hadi katikati ya spoki, huku watu wa Lokiriama wakimkodolea macho kwa kupoteza maji. Kisha akavua ufunguo shingoni. Kijana wa Lomuria aliishika piki kwa usukani, akaitikisa, na tangi likacheza, chwa, chwa. Kijana akatabasamu. Mimi nililia, nililia kwa sababu ya piki, na baba akaniambia nijikaze, sasa tuna mbuzi.

Tulitembea kuelekea Lopur siku nyingi, milima ikiwa upande wa kushoto, hema likiwa kichwani pa baba na sufuria kichwani pangu. Mbuzi walikuwa wazuri, na dume kubwa jeusi lilitangulia kama chifu. Mchana tulitandaza hema kivulini, jioni tukatembea. Baba alianza kuimba tena. Alinionyesha mbuzi atakayenipa mwenyewe baada ya kuchinja, mweupe mwenye masikio ya kahawia, nikampa jina papo hapo.

Yule mweupe ndiye aliyeanza kukohoa. Baba alisema ni vumbi. Kweli vumbi lilikuwapo, na sisi wenyewe tulikohoa. Kesho yake wakakohoa watatu, wanne, wakawa wanabaki nyuma wametanua miguu ya mbele, pua zikitiririka. Baba aliwanywesha maji yetu. Aliwabeba wawili mabegani kwa zamu. Mtu aliyeweza kusikia plagi inayokufa ng'ambo ya barabara alitembea siku nzima katikati ya kile kikohozi na hakukijua. Alikulia mjini, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha sauti hiyo.

Babu aliijua kabla hajatuona. Tulipokaribia boma lake, alikuwa tayari amesimama ng'ambo ya laga kavu, mto wa mchanga usio na maji, fimbo yake ameilaza njiani.

"Simama hapo," alisema. "Hao wanakohoa tangu lini?"

"Ni vumbi, Apa," baba alisema, akimwita kwa heshima ya mkwe.

"Hapana vumbi." Alivuka laga polepole, akainama, akaweka sikio kwenye mbavu za yule mbuzi mweupe, na alipoinuka sura yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Hii ni loukoi. Inaoza mapafu. Hawa wakiingia kwa zizi yangu, mwezi ijayo Lopur yote haina mbuzi."

"Dume hili halikohoi," baba alisema. "Chukua dume tu, Apa. Chinja leo. Leo tu."

Dume lilikuwa limelala chini, shingo limeinyoosha. Babu hakulitazama. Alimtazama baba, na nawaambia aliona haya, mzee yule, kama kwamba ndiye aliyeharibu. "Umejaribu, Ewoi," alisema. "Lakini mimi siwezi kuita watu kuchinja mgonjwa." Akanyoosha mkono, si kwa nguvu, na mimi nikavuka laga. Nilivuka kwa sababu nilijua hesabu. Mbuzi hawakupatikana.

Baba hakuondoka. Alisimamisha hema lake ng'ambo ile, katikati ya mbuzi wanaokufa, akakaa nao. Nilikuwa naliona turubai lile jeupe kutoka mlangoni pa nyanya, kila nikienda kuchota maji. Nilikatazwa kuvuka, kwa sababu ugonjwa hupanda kwenye nguo. Tulipungiana mikono. Baba alikuwa akifanya kama anakanyaga gia, brum, ili nicheke. Nilicheka siku za kwanza. Tai waliongezeka, na asubuhi moja hema halikuwapo.

Nimekulia Lopur. Nilipoolewa, mifugo ya mahari yangu iligawanywa kwa babu na wajomba, na baba alikuja akakaa miongoni mwa wageni, akala alichopewa, akawashukuru. Sasa anaendesha piki ya mtu mwingine kati ya Lodwar na hapa, na akileta abiria huja kibandani kwangu kama wateja wengine. Sisi si watu wa kuongea sana. Ananiambia injini ipi ya steji haifiki wiki ijayo, na bado hakosei.

Ilinichukua miaka kuelewa alichokuwa akikifanya pale juu ya kingo. Mtoto huona baba yake amepumzika, basi. Sikuelewa kwamba mteremko ule ulikuwa mlango, kwamba kuvuka kungenibakiza kwake bila mbuzi hata mmoja, mtoto asiye na ukoo katika nchi ya watu, lakini wake. Ile sauti ya tangi kule Lokiriama niliisikia kwa masikio yangu, ikanipita. Ilinirudia hapa, siku moja kijana alipotikisa piki yake nami nikiwa nachuja chai, nikaketi chini chai ikimwagika.

Baba alipokuja tena nilimwuliza. Nilimwuliza bila kumtazama, nikipanga mandazi. "Siku ile juu, petroli ilikuwa haitoshi kweli?"

Steji yote ilikuwa ikinguruma.

"Tangi lilikuwa limejaa," alisema. "Lakini wewe ulitaka mbuzi."

Kisha akasogeza kikombe mbele, akaniomba nimwongezee sukari.